Mpenda Misri, Kokotoa Kabla Hujabisha

Msomaji mmoja kaniandikia juzi: "Kaka, nawajibuje wanaosema Wamisri wa kale hawakujua hesabu?" Nikacheka peke yangu. Miaka sita iliyopita ningemjibu kurasa kumi, na zote zingekuwa pumba.

Wakati ule mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa kijiwe chetu cha kahawa hapa Tanga. Silaha yangu kubwa ilikuwa piramidi ya farao Khufu, ile kubwa ya Giza. Chukua mzingo wa kitako chake, ugawe kwa kimo mara mbili, unapata 3.14. Pai hiyo, ile namba unayoipata ukigawa mzingo wa duara kwa kipenyo chake! Nilikuwa nalisema hilo kikombe kikiwa hewani, na watu wakiitikia.

Jioni moja alikuwepo mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee mpole ambaye kashata moja humchukua saa nzima. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Mwanangu, eneo la duara walilipataje?"

Kimya.

Akamwomba muuza kahawa kipande cha mkaa, akanikabidhi, akaugeuza ubao wa drafti. "Andika. Karani Ahmose wa Misri ya kale ana shamba la duara, kipenyo 9. Anatoa moja ya tisa, inabaki 8. Nane mara nane, 64, ndilo eneo. Haya, nitafutie pai hapo." Nilihangaika mpaka jasho likanitoka. Nusu ya kipenyo ni 4.5; gawa 64 kwa 4.5 mara 4.5, jibu ni 3.16. "Kama mafundi wa Khufu walikuwa na 3.14," akasema taratibu, "huyu aliyekuja miaka elfu moja baadaye mbona ana 3.16? Walisahau?"

Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Mpaka leo wapo wanaoniita Bwana Pai, wala si kwa heshima. Mzee yule angeweza kunivuta pembeni. Nimemsamehe, lakini sijasahau.

Miezi iliyofuata niliimaliza nikisoma. Ahmose aliandika hati yake ya mafunjo mnamo mwaka 1550 KK, na mwenyewe anakiri ananakili ya zamani zaidi, ya enzi za farao Amenemhat wa Tatu. Mskoti Alexander Rhind aliinunua Luxor mwaka 1858, na sasa iko British Museum, London. Na jibu la piramidi yangu limo humo humo! Wamisri walipima mteremko kwa kipimo walichokiita seked: ukipanda dhiraa moja, unaingia ndani viganja vingapi? Dhiraa yao ya kifalme ni viganja 7. Piramidi ya Khufu ina upande wa dhiraa 440 na kimo cha dhiraa 280. Nusu ya upande ni 220. Gawa kwa 280, zidisha kwa 7, unapata viganja vitano na nusu. Basi. Fundi akishika viganja vitano na nusu kila dhiraa, ile 3.14 inajitokeza yenyewe bila mtu kuiwaza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kokotoa kwa mkono, kwa njia yao. Wa pili ni huo huo. Vikombe 13 vya kahawa, kila kimoja shilingi 200: kimoja 200, viwili 400, vinne 800, vinane 1,600. Tia alama kwenye 1, 4 na 8, maana ndizo zinazofanya 13, kisha jumlisha: 2,600. Ukishafanya hivyo mara ishirini, utaona mambo ambayo video haitakuonyesha.

Na wale wanaowadharau Wamisri nao wakokotoe. Hati yao nyingine, iliyoko Moscow, inatafuta ujazo wa piramidi iliyokatwa kichwa: upande wa chini 4, wa juu 2, kimo 6. Nne mara nne 16, nne mara mbili 8, mbili mara mbili 4, jumla 28, theluthi ya kimo ni 2, jibu 56. Ni sahihi kabisa. Anayesema hao walijua kuhesabu mikate tu, aniletee njia fupi kuliko hiyo.

Ndugu zangu, sisi wapenda historia tuna ugonjwa wa kutaka babu ashinde kabla hatujajua alikuwa anacheza nini. Tuache. Kaa chini, shika kalamu.

Jumamosi iliyopita alikuja kijana na laptopu, kasema kila kitu yule Mgiriki wa hesabu, Pythagoras, alikiiba Misri, na ushahidi anao. Sikubishana. Nikanunua kashata 6, tulikuwa watu 10, nikamwambia, "Bwana mdogo, gawa." Akasema sifuri nukta sita kila mtu. "Kata basi." Akakata, sita wakapata kipande kizima, wanne wakaokotewa mabaki. Nikanunua nyingine 6, nikafanya kama Ahmose: tano nikazikata nusu kwa nusu, ya sita nikaitoa vipande kumi. Nusu na moja ya kumi, kila mtu sawa na mwenzake, hakuna wa kununa. Watu wakapiga makofi. Kijana akafunga laptopu, akaondoka bila kuaga.

Mwalimu alikuwa pale pale kwenye benchi, na kashata yake. Akaniuliza kwa nini sikumvuta pembeni.

Nikamwambia mimi pia niliulizwa mbele za watu.