Inchi mbili zinatosha: maswali yenu kuhusu kunyanyua gari la zamani

"Prado yangu ya mwaka 1998 imelala nyuma. Nikipakia watoto na mizigo kwenda kijijini, nje ya Arua, inakwaruza kila tuta. Fundi anataka kuinyanyua inchi tatu. Nikubali?"

Usikubali bado, ndugu yangu. Kwanza chukua futi. Egesha gari pahali tambarare, kisha pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake. Fanya hivyo pande zote nne na uandike. Tunaanzia katikati ya ringi ili upepo wa tairi na uchakavu wake visiingie kwenye hesabu. Usishangae upande wa kulia ukiwa chini kuliko wa kushoto: dereva hukaa huko kila siku, abiria hupanda mara mojamoja.

Springi za zaidi ya miaka ishirini na tano zimechoka. Huenda seti mpya ya kimo kilekile cha kiwandani ikakurudishia ulichopoteza, na mambo yakaishia hapo. Ukiona bado unataka kupanda, milimita 40 hadi 50 zinatosha, yaani inchi mbili hivi.

Inchi tatu nimezionja mwenyewe, kwenye Toyota Surf yenye mbele kama ya Prado yako, kila gurudumu na mkono wake. Ekseli za mbele zilikaa zimeinama kama miguu ya panzi. Haikupita miezi mingi nikakuta grisi imetapakaa upande wa ndani wa ringi: kile kifuko cha mpira chenye mikunjo, kinachofunika kiungo cha ekseli, kimepasuka, vumbi limeingia, na nikipiga kona gari linalia tak-tak-tak. Fundi aliyenifungia alisema ndivyo magari yalivyo. Sivyo.

Jambo la pili ni uzito. Springi huuzwa kwa kimo na pia kwa mzigo. Ukifunga za kubeba kilo 300 na wewe kila siku unapeleka watoto wawili shule, watarushwa kama mahindi kikaangoni. Muuzaji akikuuliza "inchi ngapi?" kabla ya "unabeba nini?", nenda duka la jirani. Na shokapu zibadilishwe pamoja na springi; za zamani zitakuwa fupi na zimechoka.

"Kuna vipande vya plastiki ngumu vya kuweka juu ya springi. Ni bei nafuu. Vipi?" (Kasese)

Kimoja chembamba, juu ya springi nzima, sawa. Kupachika viwili kimoja juu ya kingine, hapana. Na springi iliyochoka itabaki imechoka tu, hata ukiiwekea kofia.

"Baada ya kuinyanyua Land Cruiser 80 inchi mbili, usukani umekuwa mlegevu barabara ya lami. Natembea 80 na gari linatangatanga. Tumeshafanya alaimenti mara mbili." (Kisoro)

Alaimenti ya kawaida haifiki hapo. Mbele ya gari lako ni ekseli moja nzima, imeshikwa na mikono inayotoka nyuma. Ukinyanyua bodi, ekseli yote inajizungusha kidogo, na ile pembe inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona inapungua. Dawa ni bushi maalumu zenye tundu lisilo katikati, zinazorudisha pembe hiyo. Ziulizie kwa wauza spea wa Kisekka, Kampala. Ukiwa chini ya gari, kata usukani hadi mwisho kila upande, uangalie kama mipira ya breki haivutiki.

"Nikinyanyua, difu ya nyuma itapanda pia?" (msomaji huyohuyo)

Haipandi. Difu, lile bonge la gia linaloning'inia chini ya gari, imo kwenye ekseli, na ekseli inakaa na magurudumu. Kinachopanda ni bodi. Difu inapandishwa na tairi kubwa zaidi tu. Ukitoka tairi za 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, difu inapata nusu yake, 13. Ni kidogo, ila kwenye mawe ya huko kwenu utaziona. Kumbuka spidomita itakudanganya: ikisoma 100, unakwenda karibu 103.

"Mama mkwe atapandaje?"

Mfungie kanyagio pembeni na kishikio imara ndani ya mlango. Fanya hivyo kabla hajaja, si siku anayofika.