Dogo, bumu lako lisiingie kwenye simu ya huyo mlezi

Salamu baadaye. Wewe dogo wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) umeandika kwamba mko tisa, mmepata nyumba Ng'ong'ona, mnataka kuishi kwa kanuni moja: maombi saa kumi na moja alfajiri, kufunga Jumatano na Ijumaa, kupika kwa zamu, "na fedha zote mfuko mmoja chini ya mlezi". Jumamosi mnatia sahihi. Halafu unauliza kama saa kumi na moja si mapema mno kwa wenye vipindi vya jioni, na Mlutheri na Msabato wataabuduje nyumba moja. Hapo kwenye mfuko umepapita kama gari la serikali linavyopita kituo cha daladala. Rudi.

Nimeishi kwenye nyumba ya aina hiyo, mtaa huohuo, enzi bumu, ile posho ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likiwa shilingi 8,500 kwa siku, kabla halijapandishwa kuwa 10,000. Kanuni yetu ilikuwa kurasa mbili, imechapwa vizuri, tukatia sahihi mmoja mmoja huku wengine wanalia. Mazuri yalikuwepo, sitakudanganya. Zaburi za alfajiri upepo wa Juni ukipiga mabati. Ugali na mlenda sinia moja, mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mkulima, hakuna anayechagua upande. Mpaka leo saa kumi na moja naamka bila kengele, mke wangu amechoka kulalamika.

Sasa fedha. Mlezi wetu alikuwa ameshamaliza chuo, tukimwita Mtumishi, na kazi yake ya mchana hakuna aliyeijua. Alitufundisha Matendo 2, kwamba walioamini walikuwa na vitu vyote shirika. Kwa hiyo bumu likisoma tu kwenye akaunti yako, hata sabuni hujanunua, unahamishia kwenye simu yake. Hapakuwa na akaunti ya kikundi wala watia sahihi wawili. Ni laini yake, namba yake ya siri, na daftari ambalo alilishika yeye.

Bumu la kwanza mambo yakaenda. Kodi ya miezi sita ikalipwa kwa mkupuo, mchele ukaingia, mafuta yakaingia, tukashuhudia mpaka kwa wenzetu wa hosteli. Likaja la pili, Mtumishi akaona maono: huduma ya vijijini inahitaji spika na kinanda. Mkopo wangu haukufunika ada yote, na baba alikuwa ameuza mahindi Kibaigwa akanitumia ya kumalizia. Nayo nikaitoa. Unacheka? Cheka, hata mimi siku hizi nacheka, ila niwe nimeshiba kwanza. Niliambiwa kubakiza ya ada ni kushika jembe huku natazama nyuma, na kwamba mfuko utanilipia kwa wakati wa Bwana. Wakati wa Bwana na kalenda ya chuo havikuonana. UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zikafika, ada haijakamilika, jina langu halimo kwenye orodha ya wanaoingia chumba cha mtihani. Nikaahirisha mwaka. Mwaka, dogo! Nikarudi Kongwa kulima mahindi yaleyale ambayo wenzangu walikuwa wanayasikiliza kwenye spika. Kumweleza baba nimemlipia nani ada yake, hiyo sitaisimulia humu.

Nilipoomba hata nusu, Mtumishi alinisomea Anania na Safira, wale mume na mke walioanguka wakafa baada ya kuficha sehemu ya fedha za shamba, mbele ya ndugu wote, kwa sauti ya huruma kabisa. Fungua Matendo 5 usome mstari wa 4, ule alioupita. Petro anamwambia Anania kwamba shamba kabla halijauzwa lilikuwa mali yake, na hata baada ya kuuzwa fedha zilikuwa kwenye uwezo wake. Aliadhibiwa kwa kusema uongo, kutoa hakulazimishwa na mtu. Mtu anayejua Biblia kiasi kile haupiti mstari huo kwa bahati mbaya. Mwizi wa kuku angalau hakufungi kwa maombi akishamaliza.

Huko shambani nikapata muda wa kusoma Kanuni ya Benedikto wa Nursia, ya karne ya 6, ambayo wamonaki wa Ndanda na Peramiho wanaiishi hadi leo. Nilidhani hao ndio wakali. Sura ya 58 inasema anayetaka kuingia asipokelewe kirahisi. Anasomewa kanuni baada ya miezi 2, tena baada ya 6, tena baada ya 4, na anaambiwa wazi: ukiiweza ingia, ukishindwa nenda, uko huru. Mali anayotoa kwa monasteri inaandikiwa hati. Hata nguo alizokuja nazo zinatunzwa, ili siku akiondoka azikute. Wamonaki wanakutunzia suruali! Sisi tulitia sahihi hatujamaliza hata kujuana majina.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, hata ukisahau mengine: ada na bima yako zilipwe kwa kontroo namba yenye jina lako, risiti iwe mkononi mwako, KABLA shilingi haijagusa mfuko wa mtu. Cha chakula mkubaliane kiasi, kila mmoja atoe sawa, mweka hazina awe mwanafunzi mwenzenu na abadilishwe kila muhula. Anayehama arudishiwe kodi ya miezi asiyokaa, na hilo liandikwe kwenye hizo kurasa zenu. Vyama vya wanafunzi Wakristo kama USCF, TAFES na CASFETA vina viongozi wa kuchaguliwa, havijafa kiroho kwa kuwa na mweka hazina.

Kufunga fungeni. Akina John Wesley, yule mwanzilishi wa Wamethodisti, wakiwa wanafunzi na walimu pale Oxford walifunga Jumatano na Ijumaa mpaka saa tisa alasiri. Ila wiki ya UE kuleni, tafadhali.

Bumu limeshasoma? Kama limesoma, lipa leo usiku, piga picha risiti, ndipo Jumamosi uende ukaimbe nao. Na huyo mlezi wenu, mchana anafanya kazi gani?