Tawi dogo nalo hujaza: maswali ya wahazini wa vyama vyetu Marekani

Mhariri, mimi ni mhazini mpya wa tawi la umoja wetu hapa Minneapolis. Makao makuu yako jimbo jingine na yana barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ya msamaha wa kodi. Sisi ni wanachama 40, hatuna mwajiriwa, na mwaka jana tulikusanya kama dola 18,000. Mwenzangu aliyenitangulia hakuwahi kujaza fomu yoyote. Anasema makao makuu ndiyo hujaza. Ni kweli?

Ndugu mhazini, huenda ni kweli, lakini neno la mdomo halitoshi hapa. Anza na EIN, namba ya utambulisho wa kodi. Kama tawi halina EIN yake, halina akaunti yake ya benki, na fedha zote zimo ndani ya vitabu vya makao makuu, basi ninyi ni sehemu ya makao makuu na ritani yao, yaani taarifa ya kila mwaka kwa IRS, inawabeba. Kama mna EIN yenu na akaunti yenu, IRS inawatambua kama chama kinachojitegemea, hata kama jina ni lile lile.

Vyama vingi vyenye matawi vina msamaha wa pamoja: barua moja ya makao makuu inayofunika matawi yote yaliyomo kwenye orodha yao. Msamaha huo unawaondolea kazi ya kuomba upya. Hauwaondolei kazi ya kujaza kila mwaka, na hapa ndipo matawi mengi yanapoangukia. Makao makuu yakipenda yanaweza kujaza ritani ya pamoja kwa niaba ya matawi, lakini hiyo ni tofauti na ritani yao wenyewe, na kila tawi lazima liwe limeridhia kwa maandishi. Kwa hiyo waandikie maswali mawili: je, tawi letu lenye EIN hii limo kwenye orodha yenu, na je, tulikuwemo kwenye ritani ya pamoja ya mwaka huu? Ombeni nakala. Wakijibu "hapana" kwa swali la pili, jukumu ni lenu.

Kwa dola 18,000 mnajaza Form 990-N, ile inayoitwa kadi ya kielektroniki. Ni bure kwenye tovuti ya IRS. Ukiombwa kulipa, umeangukia tovuti ya wakala. Unafungua akaunti kwa kutumia ID.me au Login.gov, huduma za kuthibitisha utambulisho mtandaoni, hivyo uwe na kitambulisho na simu karibu. Mambo yanayoulizwa ni manane tu: EIN, mwaka wa kodi, jina rasmi na anwani, majina mengine mnayotumia, jina na anwani ya kiongozi mkuu, tovuti kama ipo, uthibitisho kwamba mapato ghafi kwa kawaida hayazidi dola 50,000, na kama chama kinafungwa. Ukiwa na taarifa mkononi, ni kazi ya dakika chache. Taarifa hizi huwekwa wazi kwa umma, kwa hiyo tumieni sanduku la posta la tawi badala ya nyumba ya mtu.

Tarehe ya mwisho ni siku ya 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wenu wa hesabu kufungwa. Mkifunga 31 Desemba, ni 15 Mei. Mkifunga 30 Juni, ni 15 Novemba. Huwezi kujaza kabla mwaka haujaisha. Kosa linalojirudia sana ni hili: tawi linahesabu Januari hadi Desemba ilhali kumbukumbu za IRS zinaonyesha Julai hadi Juni, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa siku EIN ilipoombwa au ndivyo makao makuu yalivyo. Mwaka unaouona kwenye skrini usipofanana na wa vitabu vyako, usilazimishe. Piga 877-829-5500, laini ya IRS ya vyama visivyolipa kodi, uulize wana mwaka gani. Namba hiyo hiyo ndiyo ya kupiga mfumo ukisema EIN yenu haijulikani, jambo la kawaida kwa tawi jipya.

Ukishatuma, kazi haijaisha. Rudi baadaye uangalie hali yake: *Pending* ni bado, *Rejected* imekataliwa, *Accepted* ndiyo unayoitaka. Chapisha ukurasa huo uuweke kwenye faili la tawi, si kwenye simu yako. Na jimbo lina mambo yake: Minnesota hutaka chama kihuishe usajili kwa Katibu wa Jimbo kila mwaka kabla ya Desemba kuisha, na kujaza 990-N hakuhesabiki huko.

Mhariri, tuliandaa chakula cha jioni, tiketi zikaingiza dola 31,000, gharama zikala 24,000. Ada za wanachama ni 12,000, ambapo 5,000 tunazipeleka makao makuu. Rambirambi ya mwenzetu aliyefariki ilifika 14,000, yote tukaikabidhi familia. Kwa hesabu yangu tumebaki na faida ya 14,000 tu. Je, hiyo ndiyo inayohesabika kwenye fomu?

Dada, fomu haiulizi faida. Mapato ghafi ni kila dola iliyoingia kabla ya kutoa gharama, hivyo chakula cha jioni ni 31,000 yote. Wali, ukumbi na muziki havipunguzi kitu. Ile 5,000 ya makao makuu mnaweza kuiacha nje, mradi mlikuwa mnakusanya kwa niaba yao na hamna haki ya kuitumia. Rambirambi, ikiwa iliingia kwenye akaunti ya tawi na kamati yenu ndiyo iliyoigawa, ihesabuni. Jumla ni 31,000 na 7,000 na 14,000, yaani 52,000.

Usishtuke. Kwa chama chenye miaka mitatu au zaidi, kinachopimwa ni wastani wa miaka mitatu, mwaka huu ukiwemo. Kama miaka miwili iliyopita mlipata 38,000 na 45,000, wastani ni 45,000 na bado mnajaza 990-N. Wastani ukipita 50,000, mnahamia Form 990-EZ, ritani ndefu kidogo, almuradi mapato hayafiki 200,000 na mali zote hazifiki 500,000. Hiyo hujazwa kielektroniki pia, kuchelewa kwake kuna faini ya kila siku, na Form 8868, fomu ya kuomba muda zaidi, inaiongezea miezi sita. 990-N haina nyongeza ya muda.

Kuhusu rambirambi, tunasema kwa msisitizo: msimpe mtu risiti ya msamaha wa kodi kwa mchango uliolengwa kwa familia moja. Huo ni wema mkubwa, lakini sheria ya Marekani inauona kama zawadi kwa mtu binafsi. Hata bei ya tiketi haikatwi yote kwenye kodi: aliyelipa dola 100 akala chakula cha thamani ya 40 ana mchango wa 60, na tiketi ikizidi 75 ni wajibu wenu kumwandikia hivyo.

Mhariri, IRS imetufutia msamaha kwa kutojaza miaka mitatu mfululizo. Barua ilienda kwa mhazini wa zamani. Makao makuu hayawezi kuturudisha kwenye orodha tu?

Hayawezi. Tawi lililofutwa lazima liombe lenyewe kwanza, ndipo lirudi chini ya msamaha wa pamoja. Habari njema ni kwamba tawi dogo lililofutwa kwa mara ya kwanza, lililostahili kujaza 990-N au 990-EZ miaka yote mitatu, linaweza kurudishiwa hadhi kuanzia siku ile ile ya kufutwa. Muda ni miezi 15 tangu tarehe ya barua ya kufutwa au tangu jina lichapishwe kwenye orodha ya IRS ya waliofutwa, ile iliyo ya baadaye. Chama cha 501(c)(3), yaani cha hisani, chenye mapato yasiyozidi 50,000 kwa mwaka na mali zisizozidi 250,000 kwa kawaida kinatumia Form 1023-EZ, fomu fupi ya kuomba msamaha, kupitia Pay.gov, tovuti ya malipo ya serikali, ada dola 275. Chagueni kisanduku cha Section 4 katika sehemu ya kurejeshewa. Mkichagua Section 7, msamaha utaanzia siku mliyotuma ombi, na kipindi cha katikati kitabaki cha kulipiwa kodi.

Mhariri, mhazini wetu amehama na akaunti ya kujazia ni ya kwake. Tumwombe nenosiri?

Msimwombe. Akaunti imefungwa na kitambulisho chake binafsi. Mhazini mpya afungue yake na kuiongeza EIN ya tawi humo. Kisha, ndani ya siku 60 tangu msimamizi abadilike, tumeni Form 8822-B kuwajulisha IRS msimamizi mpya na anwani mpya, maana barua za onyo hufuata anwani iliyo kwenye kumbukumbu zao.