Mimea yangu ya ndani inanyauka kipindi cha baridi: niiongezee maji?

SWALI

Mtaalamu, habari za kazi. Nina mimea sita ya kitropiki sebuleni: Monstera mmoja mkubwa, Calathea miwili, fikusi, Zamioculcas na Saintpaulia. Kipindi chote cha joto ilinawiri. Tangu baridi ianze na hita kuwaka kutwa kucha, mambo yameharibika. Monstera unanyauka na majani yake ya chini yamegeuka manjano. Kingo za Calathea zimekauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Fikusi, niliousogeza kutoka dirishani ili usipigwe na baridi, umepukutisha karibu nusu ya majani. Tena kuna vijinzi vyeusi vinaruka kila nikigusa vyungu. Nilikuwa namwagilia mara moja kwa wiki, sasa namwagilia mara mbili. Napulizia majani maji asubuhi na jioni, na wiki iliyopita nimetia mbolea ili mimea ipate nguvu. Hali inazidi kuwa mbaya. Nakosea wapi?

JIBU

Ndugu msomaji, weka jagi chini kwanza. Leo usimwagilie chochote, na hiyo mbolea irudishe kabatini hadi siku zianze kurefuka. Ulichodhani ni kiu na njaa ni giza. Karibu kila ulichonieleza, ukiacha zile kingo za Calathea, kinaanzia hapo.

Mimea hii asili yake ni maeneo ambako tofauti ya urefu wa mchana kati ya mwezi na mwezi ni ndogo. Mwishoni mwa Desemba mchana wa London haufikishi saa 8, na wa Helsinki haufikishi hata 6. Jua lenyewe linapita chini, mawingu yamelifunika, na kidogo kinachobaki kinapunguzwa na kioo cha dirisha. Macho hayatusaidii hapa, maana yanajirekebisha yenyewe bila sisi kujua. Jua la adhuhuri wakati wa kiangazi hufikia laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Kona ya sebule siku ya mawingu huweza kuwa na laksi 100 tu, na bado mtu anakaa pale akisoma gazeti bila shida. Kuna programu za simu zinazopima mwanga. Si sahihi sana, lakini zinatosha kulinganisha sehemu moja ya chumba na nyingine. Jaribu dirishani, kisha rudi nyuma hatua tatu. Utashangaa.

Mmea uliokosa mwanga hupunguza kutengeneza chakula. Matundu madogo ya majani hayafunguki sana, maji yanayotoka kama mvuke yanapungua, na mizizi nayo inavuta kidogo. Chungu kilichokuwa kikikauka kwa siku 5 kinaweza sasa kuchukua wiki 2 au 3. Na wewe, badala ya kupunguza, umezidisha mara mbili.

Udongo ukilowa muda wote, nafasi za hewa zilizomo hujaa maji. Mizizi inahitaji oksijeni. Ikiikosa inakufa, na vimelea kama Pythium vinakuja kumalizia kazi. Mzizi uliokufa haunywi. Kwa hiyo mmea unanyauka ukiwa umesimama kwenye tope, mwenye nyumba anauonea huruma, anaongeza maji. Nasema hivi nikijua, kwa sababu nilipoanza kazi niliwahi kuumwagilia Zamioculcas kila Jumamosi majira yote ya baridi. Siku nilipoinua shina moja lilikuja mkononi peke yake, chini limekuwa uji. Mmea ule kwao ni mashariki na kusini mwa Afrika, kuanzia Kenya hadi KwaZulu-Natal, na una viazi vya kuhifadhi maji ardhini kwa ajili ya kiangazi. Wako, kama bado ni mzima, unaweza kukaa mwezi mzima bila tone.

Sasa Monstera. Utoe kwenye chungu uangalie mizizi. Iliyo hai ni migumu, rangi yake ni nyeupe au ya manjano hafifu. Iliyooza ni ya kahawia, laini, ukiivuta ganda linachomoka na kubaki uzi, na ina harufu ya uvundo. Ukikuta mizizi ni mizima, urudishe tu na uache udongo ukauke. Ukikuta imeoza, kata yote iliyolainika kwa mkasi safi, kisha upande kwenye udongo mpya mwepesi uliochanganywa na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba), katika chungu kinachotosha mizizi iliyobaki, hata kama ni kidogo kuliko cha zamani. Kwa kawaida sishauri kuhamisha mmea chungu wakati wa baridi, ila huu ni uokoaji.

Kuhusu ratiba ya maji: usiwe nayo. Zamisha kidole hadi kifundo cha pili. Kwa Monstera na fikusi, ukihisi ubichi, subiri. Calathea haipendi kukauka kiasi hicho, hiyo mwagilia pale udongo wa juu unapokuwa mkavu. Njia ninayoiamini zaidi ni kuinua chungu. Kiinue baada ya kumwagilia, kiinue tena baada ya siku kadhaa, na baada ya muda mkono wako utajua uzito wa kiu. Ukifika wakati wa kumwagilia, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Yawe na joto la chumba: maji baridi yakigusa majani ya Saintpaulia huacha mabaka ya kudumu.

Tukija kwenye Calathea, hapo tatizo ni hewa. Hewa ya nje yenye nyuzi joto 0, hata ikiwa imeshiba unyevu, hubeba takriban gramu 5 za mvuke katika mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 ina uwezo wa kubeba gramu 17. Hiyo ya nje ikiingia ndani na kupashwa na hita bila kuongezewa maji, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 30. Calathea inataka 50 na zaidi. Kupulizia majani hakusaidii, kwa sababu matone hukauka baada ya dakika chache na hewa inabaki vilevile, na yakikawia kukauka yanakaribisha ukungu wa majani. Visahani vya kokoto na maji navyo vinasifiwa kuliko vinavyostahili. Kinachofanya kazi ni mashine ya kutoa mvuke iliyowekwa karibu na mimea iliyokusanywa pamoja, au kuihamishia bafuni kama kuna dirisha la maana. Kingo zilizokauka hazitarudi kijani. Ukizikata kwa ajili ya macho, acha ukanda mwembamba wa kahawia usije ukajeruhi sehemu iliyo hai. Mbolea uliyotia pia inaweza kuunguza kingo, kwani chumvi zake zinabaki kwenye udongo mmea usipozitumia.

Hewa hiyo kavu na ya joto ndiyo wanayoipenda utitiri. Hukuwataja, lakini wakague. Shika karatasi nyeupe chini ya jani la Calathea, gonga jani, na uangalie kama kuna vinukta vinavyotembea. Vikiwepo, osha majani yote juu na chini kwa maji ya bomba la mvua, kisha futa kwa maji yenye sabuni kidogo isiyo kali. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, angalau mara tatu, maana mayai hayafi yote mara moja.

Vijinzi ni jambo dogo. Mabuu yao huishi kwenye udongo mbichi wa juu. Sentimita 3 au 4 za juu zikikauka, wengi hufa. Kadi za manjano zenye gundi zitanasa wanaoruka. Wakikaidi, tumia dawa yenye bakteria Bacillus thuringiensis israelensis kwenye maji ya kumwagilia.

Fikusi urudishe dirishani. Najua ulikuwa unauepusha na baridi, lakini ni mmea unaoangusha majani ukibadilishiwa mwanga ghafla. Ukishaurudisha, usiuhamishe tena. Majani yasiguse kioo, na usiku pazia lipite kati ya mmea na dirisha. Mmea uliofungiwa upande wa kioo unalala karibu nje. Mingi ya mimea hii huanza kuumia joto likishuka chini ya nyuzi 12 hivi. Isikae pia juu ya hita wala mbele ya upepo wake.

Kama dirisha lako ni dogo, nunua taa. Si lazima iwe ile ya zambarau inayofanya sebule ifanane na disko. LED nyeupe yenye nguvu, ikiwa sentimita 30 juu ya majani, inafaa. Iunganishe na taima iwake kwa muda wa saa 12 hadi 14 kwa siku, kisha mimea ipate giza lake. Ukishaweka taa, kagua vyungu mara nyingi zaidi, kwani mwanga ukiongezeka na kiu inaongezeka.

Kuhusu fikusi huo uliobaki na vijiti, usiutupe bado. Kwaruza gome la tawi kwa ukucha. Chini yake kukiwa na kijani, tawi li hai. Kukiwa kukavu na kwa kahawia, endelea kukwaruza ukishuka kuelekea shina hadi ukutane na kijani, utie alama ya uzi hapo, na ukate juu yake siku zikianza kurefuka.