Tope halikungoji: kwa wewe unayeanza kupima mashapo ya sakafu ya bahari

Siku ya kwanza utakaposimama sitahani ukiona bomba linatoka majini na tope ndani yake, utatamani kushangilia kama wengine. Shangilia, lakini kwa kiasi. Saa moja tu iliyopita tope hilo lilikuwa kwenye kina cha mita 3,000, chini ya shinikizo la angahewa 300 hivi na kwenye baridi ya nyuzi 2 au 3. Sasa limelala juani, linapata joto, linavuja maji, na gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani yake inaanza kujitafutia njia. Utakachokipima ni lile lililosalia baada ya safari. Wengi wanaoanza huogopa mashine, lakini makosa yangu yote makubwa niliyafanya kabla mashine haijawashwa.

Nianze na lile la aibu. Tulikata nguzo ndefu ya tope vipande vipande, nami nikapewa kazi ya kuvifunga. Niliandika juu na chini kwenye vifuniko, nikaliacha bomba lenyewe tupu. Vifuniko vikaondolewa kwa vipimo, vikarudishwa, na viwili vikabadilishana mahali. Siku kadhaa baadaye nikawa nachora grafu ya densiti, yaani uzito wa tope kwa ujazo wake, ninayoionea fahari, na ndani ya kipande kimoja tope lilikuwa linazidi kuwa laini kadiri unavyoshuka. Nilianza hata kutunga maelezo ya kisayansi. Mzee mmoja wa maabara akaitazama grafu, akageuza karatasi kichwa chini, akaondoka bila neno. Tangu siku hiyo naandika kwenye bomba lenyewe, kwa wino usiofutika: jina la kituo, namba ya kipande, na mshale unaoelekea juu, pande zote mbili na katikati.

Kabla hujaliosha bomba la nje, litazame. Tope lililoganda ubavuni linakuonyesha limezama kiasi gani. Ukikuta alama ya tope kwenye mita 5 na ndani umepata mita 3.5, usiseme tu kwamba bomba halikujaa. Bomba linaloshuka kwa uzito wake huanza kusukuma tope pembeni badala ya kulimeza, hivyo tabaka za ndani ni nyembamba kuliko zilivyo chini. Bomba la pistoni, lile ambalo Kullenberg wa Uswidi alilitambulisha miaka ya 1940, lilitungwa kupunguza tatizo hilo, nalo lina la kwake: pistoni ikivutwa vibaya hunyonya tope na kulirefusha, na sentimita za juu kabisa huweza kupotea. Kama swali lako linahusu uso wa sakafu, tumia kifaa cha mirija mingi kinachotua taratibu, kisha angalia maji yaliyo juu ya tope ndani ya mrija. Yakiwa safi, uso umefika salama. Yakiwa machafu, rudia, hata kama nahodha ananuna.

Utaratibu wa vipimo hauna mjadala: vile visivyoharibu kitu hutangulia. Nguzo ikiwa bado nzima hupitishwa kwenye mashine inayopima mwendo wa sauti, densiti kwa miale ya gama, mwitikio wa sumaku, na wakati mwingine ukinzani wa umeme. Usiipitishe ikiwa imetoka tu kwenye jokofu. Katika maji ya bahari ya kawaida sauti husafiri takriban mita 1,467 kwa sekunde kwenye nyuzi 4, na takriban 1,522 kwenye nyuzi 20. Hizo ni mita 55 za tofauti bila jiolojia yoyote, na tope laini la juu, ambalo kwa sehemu kubwa ni maji, hubadilika karibu hivyo hivyo. Kuna matope ambayo tofauti yote kati ya tabaka na tabaka haifiki kiasi hicho. Iache nguzo saa kadhaa hadi ilingane na joto la chumba, chomeka kipimajoto kwenye ncha yake, na uandike ulichosoma. Asiyeandika joto ameleta namba ambayo mwenzake hawezi kuitumia.

Densiti ya gama hutegemea miale mingapi imepenya kutoka kwenye chanzo cha sesiamu-137, metali yenye mionzi, hadi upande wa pili. Usawazishaji, yaani kuipa mashine kitu kinachojulikana ili isome sawa, hufanywa kwa kipande cha alumini chenye ngazi za unene tofauti, kikiwa ndani ya bomba la aina ileile ulilotumia baharini, lililojazwa maji. Nasisitiza bomba la aina ileile, maana ukuta wake nao humeza miale. Kisha jifunze kuishuku grafu yako. Densiti ikianguka ghafla, mara nyingi ni nafasi ya hewa kati ya tope na plastiki, au ufa uliofunguliwa na gesi ya methani, au ncha ya kipande. Nimeona mtu akiita ufa wa gesi "tabaka la majivu ya volkano". Gesi huua pia mawimbi ya sauti, kwa hiyo mistari miwili ikipotea mahali pamoja, kachungulie nguzo yenyewe kabla ya kurudi kwenye kompyuta.

Baada ya hapo nguzo hupasuliwa kwa urefu: nusu ya akiba isiyoguswa, na nusu ya kazi. Kwenye nusu ya kazi pima kwanza nguvu, yaani tope linahimili kiasi gani kabla ya kukatika, kwa sababu uso uliopasuliwa huanza kukauka papo hapo. Kifaa kina vijibawa vinne unavyovichomeka na kuvizungusha polepole hadi tope likatike. Matokeo huja kwa kilopaskali, na kwa tope la juu yanaweza kuwa chini ya 5. Andika umezungusha kwa kasi gani na umechomeka kwa upande upi wa tabaka, maana ukibadilisha hayo namba nayo hubadilika.

Kipimo hiki wageni hukiona cha kizamani. Lakini tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko lilipiga karibu na Grand Banks, kusini mwa kisiwa cha Newfoundland katika Kanada ya leo, mashapo ya mteremko yakakatika, yakageuka mkondo mzito wa tope, na nyaya 12 za simu za maandishi zikakatika, zile za chini ya mteremko moja baada ya nyingine. Mwaka 1952 wanasayansi wa bahari Heezen na Ewing walitumia nyakati za kukatika kwake kukokotoa mwendo wa mkondo huo. Anayelaza waya au kusimika nguzo baharini leo anataka kujua mteremko wake utahimili nini, na jibu linaanzia kwenye vijibawa hivyo vinne.

Sasa maji, ambako wengi huteleza. Unachukua kiasi kidogo cha tope, unakipima kibichi, unakikausha kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, unakipoza ndani ya chombo kisichopitisha unyevu, unakipima tena. Ukikipoza mezani, udongo wa mfinyanzi utanywa unyevu wa hewa mbele ya macho yako. Tuseme kibichi kilikuwa gramu 15.00 na kikavu 7.50. Mgeni atasema maji ni gramu 7.50 na chembe ni 7.50. Amesahau chumvi. Maji yaliyoruka ni matamu. Chumvi imebaki imejificha kati ya chembe. Kwa chumvi ya gramu 35 kwa kila kilo ya maji ya bahari, gawa 7.50 kwa 0.965: maji halisi ya bahari ni gramu 7.77, na chembe ni 7.23 tu. Gawa maji kwa 1.024 na chembe kwa densiti yake, tuseme 2.70, upate ujazo wa kila upande. Uwazi, yaani sehemu ya ujazo iliyoshikwa na maji, unatoka karibu asilimia 74, na densiti ya tope zima gramu 1.46 kwa sentimita ya ujazo. Linganisha na mashine ya gama. Zikipishana sana, usichague unayoipenda, tafuta kosa. Na usishtuke kuona maji ni zaidi ya asilimia 100: hapo tunagawa kwa uzito wa chembe kavu.

Densiti ya chembe usiibuni kama nilivyofanya kwenye mfano. Ipime kwa kifaa cha gesi ya heli. Madini ya kwati ni 2.65 na ya kalsaiti 2.71, hivyo matope mengi huangukia karibu na hapo. Ukipata 2.3 au 3.1, kabla ya kutangaza ugunduzi angalia kama sampuli ilikauka sawasawa.

Melini kuna kero nyingine: mizani ya kawaida inayumba na mawimbi. Dawa yake ni mizani miwili pamoja, mmoja ukiwa na uzito unaojulikana, ukichukua wastani wa masomo mengi. Kama hiyo haipo, funga sampuli vizuri na upime nchi kavu. Maji yakimwagika hayazoleki, na katika kazi hii methali hiyo ina maana ya gramu kabisa.

Kuhusu ukubwa wa chembe nitasema machache. Mpaka wa mchanga na tope ni mikroni 63 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na hapo chekecha hutosha. Chini ya hapo, mashine ya leza na njia ya kuzamisha majini hazitakubaliana, kwa sababu mfinyanzi ni vibapa na leza huuona mkubwa kuliko ulivyo. Kuzamisha kunahitaji subira: chembe ya mikroni 2 huchukua karibu saa 8 kushuka sentimita 10 katika maji ya nyuzi 20. Chagua njia moja kwa mradi mzima. Usitwange sampuli ili ilainike. Utakuwa unapima mchi wako.

Daftari lako liandike kila kilichoharibika: kipande kilichoanguka, oveni iliyozimika usiku, bati la sampuli ambalo namba yake ilifutika. Mficha uchi hazai. Mimi husoma kwanza safu ya maoni, kisha namba, na safu hiyo ikiwa tupu tangu mwanzo hadi mwisho wa safari, nazishuku namba zote.

Nusu ya akiba ifunge kwa nailoni, uiweke ndani ya mrija wake pamoja na sifongo lenye maji kidogo, na uihifadhi kwenye nyuzi 4. Isigande kamwe, fuwele za barafu huvunja mpangilio wa tope, na likishayeyuka hakuna kipimo cha nguvu kitakachokuwa na maana. Rudi baada ya miezi michache ukague kama sifongo bado lina unyevu.