Mfiwa na aliyeporwa

SWALI: Mwanangu wa kidato cha sita ananiambia kwamba neno la Kiingereza "bereaved", ambalo siku zote nalifasiri "mfiwa", kwa asili ni mtu aliyeporwa. Ni kweli au ananitania? Halafu, "tumempoteza baba" ni Kiswahili?

JIBU: Hakutanii. Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na kitenzi "reafian", kupora. Kikivikwa kiambishi "be-" kilikuwa "bereafian": kumpokonya mtu kitu hadi abaki mikono mitupu. Baadaye mporaji aliyezungumzwa zaidi akawa kifo. Leo "bereaved" ni wa msibani, na ndugu yake "bereft" ni wa aliyeishiwa matumaini au neno la kusema.

"Rob" nalo ni la ukoo huohuo, ila lilizunguka. Wafaransa waliuchukua mzizi huo kutoka lugha za jamii ya Kijerumani, wakasema "rober", ndipo Waingereza wakalipokea kwao. Kutoka hapohapo kuna "robe", joho, kwa kuwa nguo aliyovuliwa adui ilikuwa nyara. Kwa hiyo hakimu anayemfunga mporaji, ukifuata asili ya maneno, mwenyewe amevaa nyara.

Lakini linalonivutia zaidi ni "lose". Zamani "losian" haikuwa kupoteza, ilikuwa kupotea, hata kuangamia. Kilichopotea ndicho kilichokuwa mtenda, na mwenye mali alikaa pembeni kama mtendewa: kondoo "amempotea" mchungaji. Sisi tunasema mchungaji amepotelewa na kondoo. Kiingereza kiliuacha mtindo huo, kikamfanya mwenye mali kuwa mtenda. Sisi bado tunao.

Na "kufiwa" limejengwa vivyo hivyo. Fa, fia, fiwa. Mgonjwa amemfia mkewe mikononi. Mke amefiwa na mumewe. Marehemu ndiye aliyetenda, aliyebaki kapatwa. Hakuna mwizi katika neno hilo, wala mzembe.

Mzembe anaingia kwenye "kupoteza". Ile -z- humfanya mtu kuwa chanzo: nimepoteza funguo, basi lawama ni yangu. Ukiniambia "tumempoteza baba", sikio langu linauliza kwanza mlimwacha wapi, sokoni au stendi? Tena siku hizi "kumpoteza mtu" kuna maana ya kutisha, ya kumchukua asionekane tena. Najua redio na magazeti yamelizoea, "taifa limempoteza kiongozi", na sitagombana na mhariri kwa hilo. Kiongozi kweli huwa na watu wanaopungukiwa naye. Nyumbani kwako, hata hivyo, sema "tumefiwa na baba" au, ukitaka kupunguza ukali, "tumeondokewa na baba".

Angalia na hiyo "na" pia. "Nimefiwa baba", bila "na", nalisikia mara nyingi mitaani, nami silipendi katika maandishi.

Tafsiri yako ya "mfiwa" iache ilivyo. Mwanao akitaka kuonyesha uporaji uliofichika ndani ya lile la Kiingereza, aseme "kifo kimetupokonya baba", sentensi ambayo wenye tanzia wanaiandika kila siku bila kujua kwamba Waingereza wa kale waliwatangulia.