Kabla hujapiga hodi: kwa mnaoanza kujitolea

Mwongozo wetu wa kutembelea wagonjwa na wazee majumbani uliandikwa kipindi cha korona. Umejaa barakoa, ndoo za kunawia na kukaa mbalimbali barazani. Tulipoupitia upya niliona kwamba yanayotuletea matatizo kweli hayamo.

Kubwa ni picha. Mwenzetu alimpiga bibi mmoja picha akipokea kiroba cha unga, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la wachangiaji. Nia yake njema tu, waone mzigo umefika. Siku mbili hazikupita, picha ikawa kwa majirani. Mezani nyuma ya bibi vilionekana vikopo vya dawa, na mtaani dawa zile zinajulikana ni za nini. Mwezi uliofuata mjukuu alitufungulia mlango nusu, akasema bibi amelala. Saa nne asubuhi! Tulihangaika miezi kadhaa mpaka tukakaribishwa tena ndani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hapa Tanzania, inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Lakini hata isingekuwepo, simu ibaki mfukoni. Mchangiaji anayetaka uthibitisho apewe risiti za duka na idadi ya kaya, basi. Usiniambie bibi alikubali mwenyewe. Mtu mwenye njaa atakunyimaje picha nawe umeshika unga wake?

Kipengele cha kwenda wawili hatukukigusa. Ni cha zamani kuliko sisi: vijana walioanzisha Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mjini Paris mwaka 1833, akina Frédéric Ozanam, walifundwa na Sista Rosalie Rendu namna ya kuingia nyumba za maskini, na wanachama wao hadi leo huenda wawili wawili. Mwenzako asipotokea, ahirisha. Mkimkuta mtoto peke yake, salimieni mlangoni mwondoke. Mkiona dalili za kupigwa au kunyanyaswa, msimhoji. Mtafuteni afisa ustawi wa jamii au pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Halafu neno "tutaona". Kwa mgonjwa, "tutaona" ni "ndiyo", na atakusubiri. Sema: sijui, nitauliza, Jumamosi nakuletea jibu. Jumamosi uende, hata kama jibu ni hapana. Wengi hukwepa hapo kwa aibu.

Kabla ya kuupitisha tuliwasomea baadhi ya wenyeji wetu. Mzee mmoja alisikiliza hadi mwisho, akauliza mbona hatujaandika saa. "Msije mchana wakati wa kula," alisema. "Mnanikuta sina cha kuwakaribisha." Tumekiongeza, kwa maneno yake.